Mwembe wa kubebesha ni miti miwili: wa chini unafanya kazi gani Dodoma?

Nunua mche wa embe wa kubebesha popote Dodoma, iwe kwenye vitalu vya pembeni mwa barabara ya Morogoro au kwenye viwanja vya Nanenane pale Nzuguni, na mazungumzo yatakwenda hivi: "Mama, hizi ni Apple?" "Apple hizo, baba. Kent ziko huku nyuma. Miaka mitatu tu unakula." "Bei yake?" Wanapatana, miche inapakiwa kwenye bajaji, biashara imekwisha. Jina lililotajwa ni la mti wa juu peke yake. Mti wa chini, wenye mizizi, hakuna aliyeuulizia, na mara nyingi hata muuzaji hajui kokwa yake ilitoka kwenye embe gani.

Kwa mkulima wa Mkuranga au Muheza, ambako mvua si haba, kutojua huko kunaweza kupita bila hasara kubwa. Dodoma ni habari nyingine. Huku tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na wastani wa mwaka hauzidi sana milimita 600. Miezi inayobaki mti unaishi kwa kile ambacho mizizi inakifikia. Tangu Serikali ianze kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, watu wengi wamenunua viwanja na mashamba Chamwino, Kikombo, Hombolo na kwingineko, na mwembe ni kati ya miti ya kwanza wanayopanda. Wengi wanachagua jina la embe kwa makini na kuacha mizizi ijichagulie yenyewe.

Kwanza tuelewane kinachofanyika kitaluni. Kubebesha ni kuchukua kikonyo, yaani ncha ya tawi la mwembe ambao tayari unazaa, na kukiunga kwenye mche mchanga uliooteshwa kwa kokwa. Mche ukifikia unene wa penseli, fundi anakata kichwa chake sentimita 15 hadi 20 juu ya udongo, anapasua shina, anachonga kikonyo kama kabari, anakichomeka, kisha anafunga kwa utepe wa nailoni. Kinachoungana hapo ni utando laini wa kijani ulio chini ya gome. Utando wa kikonyo ukigusana na wa shina, seli mpya zinaota pande zote mbili na kushikana, na baada ya wiki tatu au nne kikonyo kinaanza kuchipua. Lakini miti hiyo haichanganyiki kamwe. Chini ya kovu unabaki mwembe wa kienyeji, juu yake unabaki Kent, mpaka mti ufe. (Na ni lazima wawe miembe kwelikweli. Embe ng'ong'o, licha ya jina lake, ni wa jamii nyingine ndani ya ukoo mmoja na korosho. Usihangaike kumbebesha Dodo juu yake.)

Sasa, kuna sifa tatu ambazo watu huzipachika kwenye shina la chini, na moja tu ndiyo yake hasa.

Kuzaa mapema si kazi ya shina la chini. Mwembe wa kokwa huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa kwa maana. Wa kubebesha huanza mwaka wa tatu au wa nne. Siri iko kwenye umri wa kikonyo. Kikonyo kilichokatwa kwenye mti mkubwa kimeshapita utoto, na kinabaki na utu uzima wake hata kikihamishiwa kwenye mche wa miezi minane. Ndiyo maana kikonyo kinachotolewa kwenye mche ambao wenyewe bado haujazaa ni hasara tupu: umebebesha, umelipa, na bado unasubiri.

Ladha na rangi nazo ni za mti wa juu. Dodo litabaki Dodo hata likisimama juu ya shina la embe nyuzi. Tofauti ndogo za ukubwa wa tunda na madini yaliyomo zimewahi kuonekana kwenye majaribio ya mashina tofauti, lakini jua, maji na idadi ya matunda yaliyoachwa kwenye tawi vina nguvu kuliko shina. Akikuambia mtu kwamba shina fulani linaongeza utamu, mnunulie chai muongee mengine.

Ya tatu ni ukubwa na nguvu ya mti, na hii ndiyo inayohusu shina la chini kwelikweli, ingawa hata hapa kikonyo, ukataji wa matawi na maji vina mkono wao.

Namna mizizi inavyoamua ukubwa wa mti ulio juu yake haina uchawi. Maji hupanda kwa vimirija vilivyo ndani ya mti. Mashina mengine yana vimirija vipana, mengine vyembamba, na sote tunajua tofauti ya kunywa soda kwa mrija mnene na kwa mrija wa unene wa sindano. Shina lenye njia nyembamba linapeleka maji kidogo, majani yanapumua kidogo, matawi yanarefuka taratibu. Njia ya pili ni homoni. Ncha za matawi hutengeneza oksini, ambayo hushuka kwenda mizizini. Mizizi hutengeneza sitokinini, ambayo hupanda na kuamsha machipukizi. Kuna pia jiberelini, inayorefusha matawi na kuzuia maua. Shina la chini likibadilisha kiasi cha homoni hizi, linabadilisha mazungumzo kati ya mizizi na matawi: mti uote majani zaidi, au utulie utoe maua. Dawa ya paklobutrazoli ambayo wakulima wakubwa wa embe duniani huitumia ili mti utoe maua inafanya kazi kwa mlango huohuo, kwa kuzuia jiberelini isitengenezwe.

Wakulima wa tufaha wa Ulaya wametumia jambo hili kwa karibu karne nzima. Wanaagiza shina kwa jina, kwa mfano M.9 lililotoka kituo cha East Malling, Uingereza, wakijua mti utakuwa mfupi kiasi gani. Kwenye embe hatujafika huko. Kuna mashina yenye sifa, kama Vellaikulamban la kusini mwa India, linalopunguza kimo cha mti, lakini hakuna shina la embe ambalo dunia nzima imekubaliana kwamba litakupa mti mfupi unaozaa sana kwenye kila udongo na kwa kila aina ya kikonyo. Aina moja ya kikonyo inaweza kufurahia shina ambalo nyingine inalivumilia tu. Kwa hiyo tangazo la "mwembe kibete wa uhakika" lisomwe kwa tahadhari.

Tuseme basi shina linalopunguza kimo limepatikana. Je, mavuno yanaongezeka? Inategemea unapima nini. Mti mdogo huzaa maembe machache kuliko mti mkubwa, hilo halina ubishi. Faida yake ni kwamba miti mingi inaingia kwenye eka moja. Kwa nafasi ya mita 10 kwa 10, eka inabeba miti 40. Kwa mita 6 kwa 6, inabeba 112. Kwa hesabu ya mfano tu, mti mkubwa ukitoa kilo 150 na mdogo kilo 70, eka ya kwanza ina tani 6 na ya pili inakaribia tani 8, tena yanachumwa bila ngazi. Hoja hiyo ndiyo inayowavutia watu kwenye miti mifupi, na kwa shamba la kumwagilia ni hoja nzuri.

Lakini piga hesabu ya pili, ya maji. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 600 kwenye nafasi ya mita 10 kwa 10 ni lita 60,000 kwa mti mmoja kwa mwaka, kabla ya kutoa yanayotiririka na yanayokaushwa na jua. Kwenye mita 6 kwa 6, mti una lita 21,600. Mvua haikuongezeka kwa sababu umebana miti. Ndiyo maana maoni yangu, kwa mkulima wa Dodoma asiye na kisima cha uhakika, ni kwamba shina lenye nguvu na mzizi mrefu lina thamani kuliko shina la kufupisha mti. Kule kwenye mvua nyingi shina lenye nguvu kupita kiasi ni tatizo, kwa sababu mti unaendelea kutoa majani wakati ulipaswa kutulia na kutoa maua. Huku kwetu kiangazi kinachoanza Mei, pamoja na baridi ya Juni na Julai, kinautuliza mti bila kumlipa mtu. Hatari iko kwa anayemwagilia: ukifungulia maji mwezi Juni juu ya shina lenye nguvu, unaweza kuvuna majani mazuri sana. Subiri maua yatoke ndipo urudishe maji.

Tuje kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linalozungumzwa kidogo zaidi: usawa wa miti.

Chukua embe, lile, osha kokwa, iache ikauke kivulini siku moja, kisha pitisha kisu pembeni, palipo na ule mshono, uibanue. Ndani kuna kiini kilichovaa ngozi nyembamba ya kahawia. Imenye ngozi hiyo. Ukiona pande mbili tu zilizolaliana vizuri kama maharage, hiyo ni kokwa ya mche mmoja. Ukiona kiini kimegawanyika vipandevipande visivyo sawa, vimebanana kama vidole kwenye ngumi, hiyo ni kokwa ya miche mingi. Ukiiotesha vitatoka vichipukizi viwili, vitatu, hata zaidi.

Tofauti hiyo si ya kuchezea. Mche wa kokwa ya kwanza ni mtoto wa baba na mama: ua lilichavushwa, na baba anaweza kuwa mwembe wowote wa jirani. Otesha kokwa mia za mti mmoja na utapata watoto mia tofauti, wenye mizizi yenye nguvu tofauti. Kwenye kokwa ya pili, vichipukizi vingi hutokana na tishu za mti mama peke yake, bila baba, kwa hiyo ni nakala zake. Otesha mia, na ukiondoa vile vichache visivyofanana na wenzake, una mizizi ya aina moja.

Ndiyo maana mashina yanayojulikana kwa majina duniani karibu yote ni ya kokwa za miche mingi: Sabre ya Afrika Kusini, Turpentine ya Florida, Kensington Pride ya Australia. Kinyume chake, maembe mengi mekundu ya biashara yenye asili ya Florida, kama Kent, Keitt na Tommy Atkins, yana kokwa za mche mmoja, na maembe mengi ya India, Alphonso akiwamo, vilevile. Kitalu kinachookota kokwa mchanganyiko sokoni Majengo au Sabasaba kinaotesha mizizi mchanganyiko, hata kama vikonyo vyote vimekatwa kwenye mti mmoja wa Kent. Shambani matokeo yanaonekana mwaka wa nne au wa tano: mstari mmoja, siku moja ya kupanda, mbolea ileile, lakini mti mmoja una kimo cha mtu na jirani yake umefika paa la nyumba. Mkulima anasema Kent haiipendi Dodoma. Kent ni ileile kwenye miti yote. Kinachotofautiana kiko ardhini.

Kuhusu miembe yetu ya kienyeji, usikisie. Iko ya kokwa za aina zote mbili, na jina la mtaani halitakusaidia kwa sababu jina moja hupewa miti tofauti kutoka kijiji kimoja hadi kingine. Fungua kokwa tano au sita za mti unaoutaka uone. Ukipata mwembe mzee wa kijijini, uliokomaa bila kumwagiliwa, haukaushi matawi kiangazi, na kokwa zake ni za miche mingi, umepata mti wa mbegu. Zioteshe mapema, maana kokwa ya embe haivumilii kukaa. Ndani ya wiki chache inapoteza uhai. Ikishaota, ng'oa vilivyodumaa na vile vyenye majani ya umbo la peke yake, na kwenye kila kokwa bakiza mche mmoja wenye nguvu. Sugua jani la kila mche unuse: mche wenye harufu tofauti na wenzake pengine ndiyo ule wenye baba.

Udongo nao una maneno yake. Dodoma tuna udongo mwekundu wa kichanga ambao mwembe unaupenda, tuna mbuga nyeusi za mfinyanzi zinazopasuka kiangazi na kutuamisha maji masika, na tuna maeneo yenye chumvi, hasa mabondeni kama ya Bahi, na visima ambavyo maji yake ukiyaonja unajua. Mwembe hauipendi chumvi. Dalili ya kwanza ni kingo na ncha za majani makuukuu kuungua rangi ya kahawia, na wengi huidhania ni ukame, wakaongeza maji yaleyale yenye chumvi. Hapa shina la chini lina uwezo ambao hakuna mbolea inayoweza kuuiga. Kuna shina la 13/1 lililochaguliwa Israeli kwa kustahimili chumvi na udongo wenye chokaa, na Gomera-1 la visiwa vya Kanari, ambalo mizizi yake huizuia kloridi, sehemu ya chumvi inayounguza majani, isipande juu. Sikutajii ili ukayatafute barabarani Ihumwa. Nayataja kwa sababu yanaonyesha kwamba ustahimilivu wa chumvi ni sifa ya mzizi, na unaweza kuutafuta hapa hapa: mwembe wa kokwa uliosimama miaka mingi kwenye bonde lenye chumvi, majani yakiwa mazima, umeshafanya jaribio ambalo wewe ungelifanya kwa miaka ishirini. Kwa mbuga nyeusi, sidhani shina lolote litakuokoa maji yakituama. Panda kwenye tuta au panda mahali pengine.

Hata shina bora kabisa linaweza kuharibiwa na kiriba, ule mfuko wa plastiki unaooteshewa mche. Mwembe kwa asili hutuma mzizi mkuu chini moja kwa moja, na katika nchi kavu huo mzizi ndio bima. Mche uliokaa mwaka mzima au zaidi kwenye kiriba kifupi, mzizi wake mkuu umegonga chini, ukageuka, ukajizungusha. Ukiupanda hivyo, unaendelea kujizungusha. Masika utapendeza, kiangazi cha pili au cha tatu unakauka, au upepo wa Agosti unaulaza, na mchwa wanapewa lawama kwa sababu ndio wanaokutwa eneo la tukio. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji mchane kiriba kimoja. Akikataa, nunua hicho kimoja ukichane mwenyewe. Mzizi mkuu uliojikunja duara ni sababu tosha ya kuacha miche yote ya rika lile.

Kwa sababu hiyo, kwa mashamba yasiyo na umwagiliaji napendelea njia ambayo wenye vitalu hawaitangazi, kwa kuwa haiwauzii kitu: otesha kokwa shimoni kwenyewe. Chimba mashimo Novemba, changanya samadi iliyooza, na mvua za Desemba zikishika weka kokwa mbili au tatu kila shimo, mgongo ukiwa juu. Bakiza mche ulio bora, uzungushie miiba dhidi ya mbuzi, na uuache mzizi ushuke bila kizuizi. Mwaka unaofuata, kipindi cha joto mche ukiwa na utomvu mwingi, mlete fundi na vikonyo abebeshe pale pale. Utachelewa msimu mmoja kuliko jirani aliyenunua miche mikubwa. Mzizi wako utakuwa umeshafika mahali ambapo wake hautafika.

Na kuna wenye bahati zaidi: wale waliorithi miembe. Njia ya kale ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa na Kilimatinde, na miembe iliifuata njia hiyo. Ukiwa na mwembe mkubwa wa kienyeji unaotoa maembe ya nyuzi yasiyouzika, usiung'oe kupisha mche wa kiriba. Mizizi yake ni shina la chini ambalo pesa haiwezi kununua. Mti hukatwa wakati usio wa mvua kubwa, mita moja hivi kutoka ardhini, huku tawi moja likiachwa ili kuilisha mizizi. Mabaki ya shina hupakwa chokaa yasiunguzwe na jua. Machipukizi yanapotoka, huchaguliwa manne au matano yaliyokaa vizuri kuzunguka shina, na yakifikia unene wa penseli hubebeshwa Apple, Kent au Dodo. Tawi la kulisha huondolewa vikonyo vikishashika na kujaa majani, na maembe ya kwanza yanaweza kuonekana ndani ya miaka miwili au mitatu.

Kazi kubwa inayobaki ni kukata machipukizi ya chini. Mzizi wa miaka hamsini una nguvu nyingi kuliko vikonyo vitano vinavyoweza kutumia, hivyo utaendelea kuchipua chini ya makovu, na machipukizi hayo ni ya mwembe wa zamani. Pita kila baada ya wiki mbili au tatu katika masika mawili ya kwanza, uyabanjue kwa mkono yakiwa bado laini. Yakiachwa msimu mzima huwa yameshavifunika vikonyo kwa kivuli, na itabidi kumwita fundi upya.